Nani Ataitia Pwani Yetu Chupani?

Ukiingia maduka ya marashi ya Darajani mjini Zanzibar, au yale ya Mji wa Kale wa Mombasa, utakuta rafu zimejaa chupa za rangi ya dhahabu, na muuzaji ukimuuliza zimetoka wapi atakujibu Dubai. Nyingine ni za Ufaransa, au zinajinadi kuwa za Ufaransa. Chini ya kaunta huwekwa kopo la plastiki lisilo na lebo, na ndani mna udi wa kupikwa uliovunjwa vipande vipande. Huo haukupanda meli. Umepikwa mitaa michache kutoka hapo na mwanamke ambaye muuzaji humjua kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani. Mteja ajuaye hainamishi kichwa kuangalia chupa. Anaomba kopo lifunuliwe anuse.

Mama huyo ni mtunga harufu, kwa maana ileile inayotumika Paris. Huko mtu wa kazi yake ana maabara na mshahara, na jina lake huandikwa magazetini pamoja na marashi aliyoyatunga. Kwetu hana hata lebo kwenye kopo. Nadhani tunapoteza kitu kikubwa kwa kumchukulia kama mpishi wa kitu cha nyumbani, na tutakuja kukitafuta wakati wenye kukijua wamekwisha kuzikwa.

Fundi mmoja wa Mji wa Kale aliniruhusu kukaa uani kwake siku aliyokuwa akipika. Alitia sukari na mawardi kwenye sufuria, juu ya moto wa makaa usio mkali, akakoroga kwa mwiko hadi shira ikaanza kuvuta nyuzi. Alidondosha tone kwenye bakuli la maji baridi, akalibonyeza, akasema bado. Tone la pili lilikuwa gumu. Hapo akamimina vipande vya udi na unga wa sandali, akageuza upesi kabla sukari haijashikana, akaitua sufuria. Chupa za mafuta zilikuwa tayari kwenye sinia: miski, ambari, waridi, na moja isiyo na alama ambayo hakunitajia. Nilidhani atazimimina palepale, lakini hakuzigusa.

"Subiri ipoe, mwanangu," aliniambia. "Mafuta ukiyatia sufuria ingali moto, umewafukizia majirani."

Kilichonifunza zaidi ni alivyoupima udi wake. Aliweka kipande juu ya kaa ndani ya chetezo, akatandaza leso juu yake. Moshi ule wa kwanza, ambao mimi niliuona mzuri mno, hakuujali. Aliichukua leso, akaikung'uta, akaianika kambani na kuendelea kuosha vyombo. Muda ulipopita na moshi wote ukatoka ndipo alipoiteremsha na kuinusa kwenye pindo. Akakunja uso kidogo. Akarudi kwenye sufuria na kuongeza waridi, matone machache tu, akakoroga tena.

Watunga harufu wa Ufaransa hufanya hivyohivyo kwa vijikaratasi vyembamba. Huvichovya, huviandika saa, kisha huvirudia baada ya dakika kumi, baada ya saa moja, na kesho yake asubuhi, kwa sababu molekuli nyepesi huruka kwanza na zile nzito hubaki nyuma. Kinachonuka mwanzo sicho kitakachobaki kwenye ngozi wala kwenye nguo. Fundi wa Mombasa halijui neno molekuli, lakini hesabu anaijua, na karatasi yake ni leso. Udi wake hufungwa kwenye kopo ukakaa majuma kadhaa kabla ya kuuzwa, ili harufu zikubaliane. Chupa za Grasse, kule Ufaransa, nazo huachwa zitulie namna hiyohiyo.

Ufundi huu wa mikono mtu yeyote mwenye bidii anaweza kuusomea. Kilicho adimu ni kile fundi anachokijua kabla hajawasha moto. Mteja akifika, swali la kwanza ni: wa nini? Udi wa bibi harusi hauwi sawa na wa Idi, na wa kufukizia nguo za kila siku ni mwingine kabisa. Bibi harusi ana mambo yake mengi kabla ya udi: singo la kusuguliwa mwili, liwa iliyosagwa juu ya msio, dalia, kikuba cha asumini na mrehani. Asumini huchumwa alasiri zikiwa bado changa, maana hufunguka usiku. Aliyepanga saa ya kuchuma alijua saa ambayo kikuba kinatakiwa kinukie. Hiyo ni tungo yenye mwanzo, kati na mwisho, na imepangwa kwa saa za usiku mmoja.

Halafu kuna upande wa huzuni, ambao wageni wanaoandika kuhusu marashi ya Pwani hawaugusi. Mjane aliye katika eda hajitii manukato kwa miezi minne na siku kumi. Katika nyumba iliyozoea udi kila Alhamisi jioni, kutokuwepo kwa harufu huwa ndiyo habari yenyewe. Mtu akipita mlangoni anajua. Siku eda inapokwisha, mwanamke anaoga, anavaa, na chetezo kinawashwa tena, na udi wa siku ile hukaa katika kumbukumbu ya watoto wake kwa namna ambayo hakuna picha inayoweza kuifikia. Maiti naye ana harufu zake: maji ya majani ya mkunazi, na kafuri katika maji ya mwisho.

Hapa pa kafuri ndipo hoja yangu yote ilipo. Mpe mtunga harufu hodari kutoka nje orodha ya malighafi zetu, na kafuri ataiona ni kitu cha ubaridi na usafi. Ataitia kwenye marashi ya asubuhi, labda pamoja na ndimu na mchaichai, na kwa kanuni za kazi yake atakuwa hajakosea. Mtu aliyelelewa Lamu, Pemba au Bagamoyo akivuta chupa hiyo puani ataona chumba cha kuoshea maiti. Malighafi zinauzwa kwa yeyote mwenye fedha. Kujua kipi hakikai na kipi, na kwa nini, hakuuzwi popote. Kumo katika vichwa vya wanawake wachache wenye umri mkubwa.

Kumbukumbu hiyo si ya kwetu peke yetu, na wala haijawahi kuwa. Mti wa udi haukui Pwani ya Afrika Mashariki. Unatoka misitu ya Assam na ya Asia ya Kusini Mashariki, na tumeupokea kwa majahazi ya pepo za msimu. Waridi ni la Uajemi na Uarabuni. Sisi nasi tulipeleka vyetu. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika kisiwa cha Kanbalu mnamo mwaka 916, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanadhani ni Pemba, aliisifu ambari ya pwani ya Zanji kuwa ndiyo bora. Kwa hiyo kopo la chini ya kaunta ni kitabu cha biashara ya Bahari ya Hindi cha zaidi ya miaka elfu moja. Anayedai kwamba udi wetu ni wa kuiga Waarabu hajausoma ukurasa wa pili.

Karafuu nayo ina ukurasa wake, na huo ni mzito. Mikarafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya utawala wa Sayyid Said bin Sultan mashamba yakaenea Unguja na Pemba. Walioyafyeka, kuyapalilia na kuchuma walikuwa watumwa waliotolewa bara. Kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika nafasi, na hadi leo ndiyo yenye karafuu nyingi zaidi. Ulaya ilipojifunza kugeuza mafuta ya karafuu kuwa vanilini, harufu ya mashamba yale iliingia katika keki na marashi ya watu ambao hawakuijua Zanzibar hata kwenye ramani.

Marashi mengi yanayotumia jina la Zanzibar huyaruka haya yote. Yanatupa kisiwa cha viungo, machweo, na mdalasini. Mimi nayaona kama uwongo, hata yanaponukia vizuri. Mtunga harufu anayetaka kuitafsiri kumbukumbu ya Pemba lazima aamue afanye nini na utumwa, na kazi hiyo inawezekana kwa vifaa vya fani yenyewe. Kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, hukamua mafuta ya makonyo ya karafuu pamoja na ya majani. Mafuta ya makonyo ni makali, yana ukakasi, hayana ule utamu wa karafuu iliyokauka vizuri juani. Mtu akiyaweka mbele, akatia bizari nyembamba kidogo, ambayo watunga harufu duniani kote wanajua kuwa inaleta harufu ya jasho la binadamu, atapata karafuu yenye mgongo uliochoka ndani yake. Sijui kama itauzika uwanja wa ndege. Lakini itakuwa karafuu ya Pemba, na Mpemba mzee akiinusa hatahitaji maelezo.

Watakaosema kwamba kazi kama hii ni ndoto waangalie Mali. Wanawake wa nchi hiyo hutengeneza wusulan, mchanganyiko wa mizizi, magome na utomvu uliolowekwa kwa manukato, kwa ajili ya nyumba na mapenzi ya ndoa, kazi iliyo dada wa udi wetu. Mwaka 2004 kampuni ya Ufaransa ya L'Artisan Parfumeur ilitoa marashi yaitwayo Timbuktu, yaliyotungwa na Bertrand Duchaufour, na haikuficha kwamba wazo limetoka kwenye wusulan. Ni kazi iliyosifiwa sana na wajuzi, na kwa haki: Duchaufour alifanikiwa kuutia moshi chupani bila kuuzima. Hata hivyo jina la mtunzi ni moja. Wanawake waliokaa karne nyingi wakijaribu mzizi gani ukae na utomvu upi wamebaki kuwa "chanzo cha wazo," na chanzo hakilipwi mrabaha.

Oman ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1983, kwa matakwa ya Sultan Qaboos, nyumba ya Amouage ilianzishwa Muscat, na marashi yake ya kwanza, Gold, yakatungwa na Mfaransa Guy Robert, ubani wa Dhofar ukiwa ndani yake. Mkono ulikuwa wa kigeni, lakini aliyeagiza, aliyelipa na aliyekuwa na sauti ya kusema hii ni Oman au siyo, alikuwa Mwomani. Leo chupa hizo zinauzwa miji mikubwa ya dunia kama kazi ya Oman. Na Muscat kuna nyumba nyingi ambamo bibi na wajukuu wanazungumza Kiswahili, watu waliotoka Zanzibar na kuchukua vyetezo vyao. Nikifikiria kwamba harufu za bibi hao zimepata pa kusimama Muscat kabla ya kupata pa kusimama Unguja, naumia.

Wafaransa wenyewe hawakuiachia kazi yao ijiendee. Versailles kuna Osmothèque, ghala la harufu lililofunguliwa mwaka 1990. Humo marashi ya zamani, pamoja na mengi ambayo hayatengenezwi tena, yanatunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 12, yakiwa yamefunikwa kwa gesi ya argoni ili hewa isiyaharibu. Wameyarudisha hata marashi ya kifalme ya Waparthi kutokana na maelezo yaliyoachwa na Plini, Mrumi aliyeishi karne ya kwanza. Mwaka 2018 UNESCO ikaingiza ujuzi wa marashi wa eneo la Grasse katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu: kilimo cha maua, ujuzi wa malighafi, na sanaa ya kutunga.

Mkataba wa UNESCO wenye orodha hiyo Kenya iliuridhia mwaka 2007, Tanzania mwaka 2011. Mlango uko wazi. Makumbusho zetu za Pwani zina vyetezo na mirashi ya fedha nyuma ya vioo, vimeng'arishwa, vimeandikwa karne, na havinuki chochote. Mtoto wa shule anapita mbele ya chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya pua, anaambiwa akitazame.

Nimezungumza na watu wanaopinga kuandikwa kwa ujuzi huu, na hoja yao si ndogo. Kipimo cha udi ni siri ya nyumba. Mama humrithisha binti, tena si kila binti, na kwa wajane wengi siri hiyo ndiyo chakula. Ukiichapisha, kesho kiwanda cha ng'ambo kitaipika kwa tani. Sheria nayo haitoi kinga ya kutegemewa: mwaka 2006 mahakama kuu ya rufaa ya Ufaransa ilikataa kuitambua harufu ya marashi kuwa kazi yenye hakimiliki, na mwaka huohuo mahakama ya juu ya Uholanzi ikaamua kinyume chake. Kama majaji wa nchi zenye viwanda vya marashi hawakubaliani, fundi wa Lamu atakimbilia wapi?

Nakubali hofu hiyo. Ila siri nayo inazikwa. Binti amekwenda kusoma Nairobi au kuajiriwa Doha, anatumiwa kopo kwa mgeni anayesafiri, na hajawahi kukaa mbele ya sufuria. Mama akifa, siri haijaibwa na mtu na bado haipo. Nimeona nyumba ambazo kopo la mwisho linatumiwa kwa kubania, kipande cha ukubwa wa ukucha kwa Idi, kwa sababu hakuna anayejua kupika jingine.

Kuna kutunza bila kuchapisha. Osmothèque yenyewe hufanya hivyo: makampuni huweka huko fomula zao kwa masharti ya siri. Idara ya makumbusho, kwa upande wowote wa mpaka wa Kenya na Tanzania, inaweza kumwandika fundi kwa jina lake kamili, ikarekodi mikono yake ikifanya kazi, ikahifadhi sampuli ya udi wake, na kipimo kikafungwa kwenye bahasha ambayo ni yeye au warithi wake tu wenye ruhusa ya kuifungua. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina wanafunzi wa kemia. Mmoja akae miezi na fundi, ampimie mvuke wa kila hatua, naye afundishwe kunusa pindo la leso. Sitaki mwanafunzi huyo aende kumsahihisha bibi. Aende kujifunza, na akitoka aweze kufanya kwa pombe na mafuta kile ambacho bibi anakifanya kwa sukari na moto, kisha amrudishie chupa aseme kama ndiyo yenyewe.

Tusisahau miti. Udi unaotoka misituni unazidi kuadimika, na biashara ya miti yake inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Msandali wetu wa Afrika Mashariki umeng'olewa na mizizi, kwa sababu mafuta yamo hadi mizizini, ukasafirishwa kwa magendo. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huo ukawekwa chini ya udhibiti wa CITES katika nchi zetu. Visiwani Komoro, wakulima wanaoamka alfajiri kuchuma maua ya mlangilangi kabla jua halijakausha harufu yake wanazalisha mafuta yanayoingia katika marashi mashuhuri ya dunia, na kuni za kukamulia zinamaliza misitu ya Nzwani. Ernest Beaux aliyetunga Chanel No. 5 mwaka 1921, akitia mlangilangi ndani yake, anajulikana hadi leo. Mchumaji analipwa kwa kilo. Mpango wowote wa kuwatukuza watunga harufu wa Pwani usiopanda miti na usiotafuta moto mwingine utakuwa unakula mbegu.

Fedha zitatoka wapi, wataniuliza. Karafuu inaiingizia Zanzibar fedha za kigeni kila msimu, na sehemu ndogo tu ingetosha kuanzia. Mombasa na Lamu hupata fedha kwa watalii wanaokuja kutafuta hasa kile kinachonukia vichochoroni. Lakini la kwanza halihitaji bajeti. Maduka ya Darajani na ya Mji wa Kale yaweke lebo kwenye lile kopo, jina la aliyepika, kama atapenda jina lake liandikwe, na mwezi aliopika. Wapo watakaokataa, kwa sababu za dini, za familia au za biashara, na waachwe wakatae. Yule fundi niliyekaa uani kwake nilimuuliza. Aliendelea kufunga makopo yake kwa muda, kisha akasema jina liandikwe, ila la mama yake, maana kipimo ni chake.

Na ile chupa isiyo na alama, nikamuuliza, nayo ni ya mama?

"Hiyo ni yangu," akasema, akaifunika.